WANO: Chama cha waendeshaji wa vinu vya nyuklia duniani

CHAMA cha Waendeshaji wa Vinu vya Nyuklia Duniani, ambacho hufahamika zaidi kwa kifupisho cha WANO, ni jumuiya ya kimataifa inayoyaunganisha makampuni na mashirika yanayozalisha umeme wa nyuklia kibiashara. Chama hicho kilizinduliwa mjini Moscow Mei 15, 1989, miaka 3 baada ya maafa ya Chernobyl, kwa lengo la kuhakikisha kuwa hitilafu inayotokea katika kinu kimoja inafahamika na kushughulikiwa katika vinu vingine vyote kabla haijaleta maafa.

WANO ina wanachama zaidi ya 100, wanaoendesha vinu zaidi ya 400 katika nchi zaidi ya 30. Makao yake makuu yako London, Uingereza. Si chombo cha Umoja wa Mataifa wala si mamlaka ya serikali yoyote. Hakina uwezo wa kisheria wa kufunga kinu, kutoza faini au kumnyang'anya mtu leseni. Nguvu yake yote imo katika wataalamu wa kinu kimoja kuwaeleza wenzao wa kinu kingine ukweli, hata pale ukweli huo unapouma.

Chimbuko lake

Chama hiki kilizaliwa kutokana na maonyo ambayo hayakusikilizwa. Septemba 24, 1977, katika kinu cha Davis-Besse kilichopo jimbo la Ohio, Marekani, vali ya kupunguzia mgandamizo ilifunguka na kukwama ikiwa wazi, hivyo maji ya kupozea kinu yakawa yanapotea bila waendeshaji kutambua mara moja. Kwa bahati, kinu kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu ndogo, na baada ya dakika zipatazo 20 tatizo liligunduliwa na kudhibitiwa.

Miezi 18 baadaye, Machi 28, 1979, vali yenye kazi hiyohiyo ilikwama katika kinu cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, kilichosanifiwa na kampuni ileile iliyosanifu Davis-Besse. Waendeshaji wa Three Mile Island hawakuwa wamepata funzo la wenzao. Waliamini kuwa kinu kina maji ya kutosha, wakapunguza maji ya dharura, na sehemu kubwa ya fueli ikayeyuka.

Kufuatia ajali hiyo, makampuni ya umeme wa nyuklia ya Marekani yaliunda taasisi yao ya kukaguana, INPO, Desemba 1979, yenye makao Atlanta. Hata hivyo, taasisi hiyo ilikuwa ya Wamarekani, na Umoja wa Kisovyeti ulikuwa ukijenga vinu vyake nyuma ya pazia la siri.

Huko nako kulikuwa na maonyo. Mwaka 1975 fueli iliharibika katika kinu cha kwanza cha Leningrad, ambacho ni cha aina moja na vile vya Chernobyl. Mwaka 1983, wakati kinu cha Ignalina nchini Lithuania kikiwashwa kwa mara ya kwanza, ilibainika kuwa fimbo za kudhibiti, zinapoanza kuingizwa, zinaweza kuongeza nguvu ya kinu kwa muda mfupi kabla ya kuipunguza. Marekebisho hayakufanywa kwa wakati. Usiku wa Aprili 26, 1986, waendeshaji wa Chernobyl walibonyeza kitufe cha kuzima kinu bila kujua kuwa kasoro hiyo ipo, nacho kikalipuka.

Oktoba 1987 wakuu wa makampuni ya nyuklia walikutana Paris, Ufaransa, na kukubaliana kuunda chombo kimoja cha dunia nzima. Aliyeongoza juhudi hizo ni Lord Walter Marshall, aliyekuwa mkuu wa shirika la umeme la Uingereza na Wales, ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa WANO. Wakati mkataba unasainiwa Moscow, Ukuta wa Berlin ulikuwa bado umesimama.

Muundo wa uongozi

Shughuli za chama zimegawanywa katika vituo vya kanda vilivyoko Atlanta, Moscow, Paris na Tokyo, huku ofisi ya London ikiratibu. Shanghai nako pameongezwa ofisi kufuatia kukua kwa haraka kwa sekta ya nyuklia nchini China. Kila kituo kina bodi yake ya uongozi inayotokana na makampuni wanachama wa kanda hiyo. Juu ya bodi hizo kuna Bodi ya Uongozi ya dunia, yenye mwenyekiti wake na wawakilishi kutoka vituo vyote, na utekelezaji wa kila siku uko chini ya afisa mtendaji mkuu.

Chombo cha juu kabisa ni mkutano mkuu wa wanachama, unaofanyika kila baada ya miaka 2. Fedha za kuendeshea chama hutokana na michango ya wanachama wenyewe, na wataalamu wengi wanaofanya kazi zake ni wahandisi walioazimwa kwa muda kutoka katika makampuni hayo. Kwa maneno mengine, wanaokaguliwa ndio wanaolipa, na ndio wanaokagua.

Shughuli zake

Kazi kubwa ya WANO ni ukaguzi unaofanywa na wanataaluma wenza. Timu ya wataalamu kutoka nchi mbalimbali huingia katika kinu na kukaa hapo kwa wiki kadhaa. Hukaa katika chumba cha udhibiti, hufuatana na mafundi wa matengenezo, huchunguza kinga dhidi ya mionzi na kuwasikiliza wafanyakazi wa ngazi zote. Mwishoni huwaeleza viongozi wa kinu mazuri waliyoyaona na mapungufu yanayotakiwa kurekebishwa. Wahenga walisema nyani haoni kundule, nao mhandisi aliyezoea mlango usiofungika vizuri kwa miaka 10 huacha kuuona, lakini mgeni atauona siku ya kwanza.

Ukaguzi wa kwanza wa aina hiyo ulifanyika mwaka 1992 katika kinu cha Paks, Hungary. Hadi kufikia mwisho wa mwaka 2009, kila kinu cha kibiashara duniani kilikuwa kimekaguliwa angalau mara moja.

Aidha, chama hukusanya taarifa za matukio kutoka kwa wanachama, huzichambua na kuzisambaza. Tukio likiwa zito, hutolewa ripoti maalumu yenye mapendekezo ambayo kila mwanachama anatakiwa kuyatekeleza, na wakaguzi huja kuthibitisha kama yametekelezwa. Hali kadhalika, WANO hulinganisha takwimu za utendaji wa vinu, zikiwemo idadi ya mara ambazo kinu kilijizima bila kupangwa na kiwango cha mionzi waliyoipata wafanyakazi, na huandaa mafunzo kwa viongozi.

Jaribio la Fukushima

Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Methali hiyo ndiyo falsafa nzima ya WANO, na ndiyo iliyovunjika nchini Japan.

Usiku wa Desemba 27, 1999, dhoruba kali ilisukuma maji ya mlango wa mto Gironde yakavuka kuta za kinu cha Blayais, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Pampu kadhaa muhimu zilizama. Ufaransa iliimarisha kinga zake. Hata hivyo, Machi 11, 2011, tsunami yenye kimo cha takriban mita 14 hadi 15 ilipoupiga ufukwe wa Fukushima Daiichi, jenereta nyingi za dharura zilikuwa zimewekwa chini ya majengo, na maji yalizifikia. Vinu 3 viliyeyuka. Kampuni iliyoviendesha, TEPCO, ilikuwa mwanachama wa WANO.

Kabla ya hapo, ukaguzi wa chama ulijikita zaidi katika kuzuia ajali kupitia uendeshaji bora wa kila siku, si katika kukabiliana na ajali kubwa iliyokwisha kutokea. Machi hiyohiyo chama kilitoa ripoti maalumu kwa wanachama wote, na Oktoba 2011 mkutano mkuu uliofanyika Shenzhen, China, uliidhinisha mabadiliko. Ukaguzi ulipanuliwa kuhusisha maandalizi ya dharura, udhibiti wa ajali kubwa na hifadhi ya fueli iliyotumika. Iliamuliwa pia kuwa kila kinu kikaguliwe kila baada ya miaka 4, na ufuatiliaji ufanyike katikati ya kipindi hicho.

Suala la usiri

Ripoti za ukaguzi wa WANO ni siri ya chama na kampuni husika. Wanaoutetea utaratibu huo wanasema kuwa fundi hawezi kukiri kosa lake ikiwa kesho yake litakuwa katika vichwa vya habari, na kwamba bila kukiri hakuna kujifunza. Wanaoupinga wanasema kuwa wananchi wanaoishi jirani na kinu ndio watakaobeba madhara, hivyo wana haki ya kujua wakaguzi walikuta nini.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya WANO na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lililoanzishwa mwaka 1957 na lenye makao Vienna, Austria. IAEA ni shirika la serikali, na hutuma timu zake za usalama kwa mwaliko wa nchi husika. WANO ni ya makampuni, na kwa mwanachama wake ukaguzi ni wajibu.

Udhaifu mwingine ulijitokeza mwaka 2022, pale majeshi ya Urusi yalipokiteka kituo cha Zaporizhzhia nchini Ukraine, chenye vinu 6. Makampuni ya nyuklia ya nchi zote mbili yalikuwa wanachama wa WANO, lakini mkataba wa kukaguana hauwezi kuzuia mizinga.

Afrika

Kwa sasa kituo pekee cha kibiashara barani Afrika ni Koeberg, karibu na Cape Town, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1984. Misri ilianza ujenzi wa kituo cha El Dabaa mwaka 2022. Kenya iliunda wakala wake wa nishati ya nyuklia kupitia Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na mpango wa kujenga kinu Uyombo, kaunti ya Kilifi, ulipingwa vikali na wakazi mwaka 2024.

Kampuni mpya inayotaka kuwasha kinu hukaguliwa na WANO kabla ya kinu hicho kuanza kazi. Hata hivyo, ukaguzi huo hauchukui nafasi ya mamlaka huru ya udhibiti, yenye sheria na ujasiri wa kusimamisha kinu pale inapobidi. WANO inaweza kumwambia mwendeshaji kuwa nyumba yake ina ufa. Kuuziba kabla ya mafuriko ni kazi ya mwenye nyumba, na kumlazimisha ni kazi ya serikali.