Ukakasi wa Mtama: Jino la Mkulima na Jino la Maabara

Kwa mtaalamu wa jenetiki, mtama usio na ukakasi ni mmea wenye hitilafu. Kwa mkulima wa Ikungi au Mkalama, mkoani Singida, huo ndio mtama wa ugali. Wenye ukakasi una kazi yake nyingine, kwani ndege hawaupendi. Mmea ni uleule, ila kila upande una hukumu yake kuhusu kipi ni kizima na kipi kimeharibika.

Mkulima hupima kwa jino. Ukitafuna punje yenye tanini, kemikali iletayo ukakasi, ulimi hukauka na mashavu hujikunja kwa ndani. Rangi peke yake hudanganya: wekundu umo kwenye ganda la nje, ilhali tanini imo kwenye utando mwembamba ulio chini yake, na zipo aina za mtama mwekundu zisizo na ukakasi hata kidogo. Jino halidanganyiki.

Maabara nayo ina jino lake. Punje hulowekwa katika dawa kali ya kung'arishia nguo, na zenye tanini hugeuka nyeusi. Kisha mtama wenye ukakasi huzalishwa na usio nao, na vizazi vyao huchunguzwa ili kujua ni kipande gani cha kromosomu kinachoandamana na ukakasi kila unapojitokeza. Kwa njia hiyo, mwaka 2012 watafiti waliitambua jeni ya Tan1. Katika baadhi ya aina zisizo na tanini, herufi moja tu ya DNA imedondoka. Katika nyingine, herufi 10 zimejipenyeza. Kuanzia hapo maelekezo husomeka kombo, na tanini haitengenezwi.

Ni kazi ya kustaajabisha, lakini haijibu swali lililo zito zaidi kwangu: kama watu wanapenda mtama usio na ukakasi, kwa nini ule mkali haukutoweka? Muulize yeyote aliyewahi kushinda juu ya dungu akiamia ndege tangu alfajiri. Kundi la kwelea kwelea likitua, shamba la mtama mtamu huweza kwisha kabla ya mavuno. Mwaka 2019 utafiti mwingine ulionyesha kwamba barani Afrika mtama wa tanini umeenea zaidi palipo na kwelea kwelea. Wakulima walikuwa na jibu hilo siku zote.

Kwa kiduha, hata hivyo, jino halisaidii. Gugu hilo hunyonya mzizi chini ya ardhi, na maua yake yanapoonekana hasara imekwisha kuingia. Mbegu yake huamshwa na kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mtama. Gebisa Ejeta, Mwethiopia wa Chuo Kikuu cha Purdue, aliongoza uzalishaji wa mtama unaokihimili, na mwaka 2002 aina za Hakika na Wahi ziliidhinishwa Tanzania. Jeni yenyewe, LGS1, ilitambuliwa mwaka 2017: ikikosekana, mzizi hutoa kemikali tofauti na kiduha kingi hakioti. Hata hapo mbegu iliitangulia jeni kwa miaka 15.

Kwa hiyo mtafiti anayekuja Singida kuchukua masuke asiishie kuandika kijiji na tarehe. Aandike pia mwenye shamba amesema nini kuhusu ladha ya punje, ndege na magugu, na jina la msemaji liwekwe kando ya jina la jeni.