Ving'ora vya polisi usiku

King'ora cha polisi ni chombo cha kutoa sauti kali, kinachofungwa kwenye gari au pikipiki ya polisi ili kuwatahadharisha watumiaji wengine wa barabara. Mijini, matumizi yake usiku hugonganisha mahitaji mawili: usalama barabarani na usingizi wa wakazi.

Asili

Mwaka 1819 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alitengeneza chombo kilicholia kwa kupitisha hewa kwenye kisahani chenye matundu kinachozunguka. Kwa kuwa kiliweza kulia hata ndani ya maji, alikiita kwa jina la viumbe wa visasili vya Wagiriki wa kale walioimba baharini. Siku hizi ving'ora vingi vya polisi ni vya elektroniki na hutumia kipaza sauti.

Sheria

Nchini Ujerumani, kifungu cha 35 cha kanuni za barabarani huwaruhusu polisi kutozifuata kanuni hizo pale kazi yao inapolazimu, mradi wachukue tahadhari. Hata hivyo, kwa mujibu wa kifungu cha 38, madereva wengine hulazimika kupisha mara moja pale tu taa ya buluu na king'ora vinapotumika pamoja. Taa peke yake ni onyo tu. Hivyo polisi anayezima king'ora usiku wa manane ili watu walale hupoteza haki ya kupishwa, naye akifika kwenye taa nyekundu hana budi kuhakikisha kwamba hakuna anayekuja.

Nchini Uingereza, madereva wa kawaida hawaruhusiwi kupiga honi katika maeneo ya makazi kati ya saa 5:30 usiku na saa 1:00 asubuhi. King'ora cha polisi hakimo katika katazo hilo.

Afya na usalama

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, lilipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 40 kwa mwaka. King'ora kikiwa karibu huzidi desibeli 100. Mahali pa wazi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Katikati ya majengo marefu hurudishwa na kuta, na ni vigumu kujua inatoka upande gani.

Kwa upande mwingine, taa haimsaidii mtu asiyeona, wala haionekani nyuma ya kona. Kwa sababu hiyo polisi wengi huendesha kwa taa pekee barabara ikiwa tupu, kisha huwasha king'ora kwa muda mfupi wanapokaribia njia panda.