Sumaku Isiyovuta Sindano

Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniuliza: mwalimu, yawezekanaje kitu kikawa na sumaku ndani yake na kisivute hata sindano? Swali hilo lilinitoa katika fani yangu, nikaenda kusoma historia.

Katika miaka ya 1930 Mfaransa Louis Néel alieleza kwamba katika baadhi ya fuwele kila atomu ni kama sumaku ndogo. Moja huelekea juu, jirani yake chini, na nguvu zao hufutana. Wazo zuri, ila nani angelithibitisha? Eksirei za wakati huo zilionyesha atomu zilipo, si upande sumaku zake zinakoelekea.

Jibu lilitoka Oak Ridge, Tennessee, mahali palipojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili kwa kazi ya bomu la atomu. Mwaka 1949 Clifford Shull na J. Samuel Smart walielekeza nyutroni kwenye unga wa oksidi ya manganizi. Nyutroni nayo ina usumaku. Unga ulipopozwa hadi kelvini 80, zilijitokeza alama ambazo hazikuwapo katika joto la kawaida: mpangilio wa sumaku ulijirudia kwa umbali mara mbili ya ule wa atomu. Néel alitunukiwa Nobeli mwaka 1970; Shull alingoja hadi 1994. Ernest Wollan, aliyeianza kazi hiyo ya nyutroni pamoja na Shull, alikwisha kufariki mwaka 1984, na marehemu hapewi tuzo. Jambo hilo huniuma kila nilisomapo.

Mwaka 1986 Bednorz na Müller, karibu na Zurich, waligundua oksidi ya shaba inayopitisha umeme bila ukinzani. Mwaka uliofuata nyutroni zilionyesha kuwa oksidi mama yake, ya shaba na lanthani, ina mpangilio uleule wa Néel. Shaba yake imekaa tabaka tabaka kama chapati, na atomu husikilizana zaidi na wenzake wa tabaka moja. Ukichanganya bariamu kidogo, mpangilio huvunjika, kisha umeme hupita bure. Kwa nini? Wataalamu wangali wanabishana.

Nasi tulibishana kuhusu istilahi. Darasa lilipendekeza "sumaku kinzani". Mimi sikuafiki: hazikinzani na sumaku, zinakinzana zenyewe kwa zenyewe. Nimeandika "sumaku pishani" kwa sasa. Mwenye neno bora alilete ofisini kabla ya toleo lijalo.