Ruvubu, mto (upimaji wa maji)

Mto wa Burundi unaoanzia Kayanza. Karibu na Gitega huupokea Ruvyironza, ambao chemchemi yake ya Rutovu ilitambuliwa na Burkhart Waldecker mwaka 1937 kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Kisha hupita Muyinga, huingia Tanzania na kujiunga na Kagera.

Kwa wanafunzi wa jiografia ni darasa tosha. Mvua huugeuza kahawia kwa udongo wa vilima vinavyolimwa hadi ukingoni. Kupima tope hilo, maji humiminwa katika mrija angavu mpaka alama ya chini ipotee machoni, na kina hicho husomwa. Majitaka ya viwanda vya kuoshea kahawa hupunguza oksijeni, hivyo sampuli ichukuliwe upande wa juu na wa chini wa mto kutoka kiwandani, msimu wa mavuno.