Kalemie, mji uliojengwa na watu waliotoka mbali

KALEMIE – Katika kambi za waliohama na katika mitaa inayowapokea, ni vigumu kupata familia ambayo watu wake wote wako pahali pamoja. Baba yuko Manono kwenye machimbo. Mama amevuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta bidhaa za kuuza. Kijana mkubwa anabeba mizigo Lubumbashi, na watoto wadogo wamebaki na nkambo yao chini ya hema au katika chumba cha kupanga. Mara nyingine majirani huwaita «wageni», kana kwamba Kalemie ina wenyeji tu, na wao ndio wa kwanza kufika kwa shida.

Historia ya mji haisemi hivyo. Tangu misafara ya zamani hadi maboti ya leo, wengi waliojenga Kalemie walikuwa na nyumba nyingine iliyobaki nyuma. Tofauti kati ya kizazi na kizazi ni jambo moja: nani aliyeamua kama mtu atasafiri, na kama familia itaweza kumfuata.

Njia ya Ujiji na Mtowa

Kabla ya reli na kabla ya Wabelgiji, njia kubwa ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ikafika Ujiji. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wametangulia. Kutoka Ujiji, mitumbwi ilivuka hadi Mtowa, kaskazini kidogo ya Kalemie, na misafara ikaendelea kwa miguu kuelekea Manyema.

Wengi waliobeba mizigo ya njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Walilipwa kwa kazi yao. Mtu alibeba kilo 30 au zaidi, na kutoka Tabora hadi pwani aliweza kutembea miezi mitatu. Walijua kupanga: wengi waliangalia majira ya kulima kabla ya kuondoka, ili shamba lisibaki tupu. Si wote walioacha wake nyumbani. Wanawake walikuwa ndani ya misafara, wakipika, wakibeba vyombo, wengine wakifanya biashara yao wenyewe.

Kwa kuwa mtu aliweza kufa mbali na kwao, misafara ilikuza desturi ya utani. Mtani wa kabila lingine aliweza kumtania msafiri bila ugomvi, lakini pia alikuwa na wajibu kwake, hata wa kumzika akifa ugenini. Wengine walichanjiana na kuwa ndugu wa damu. Hivyo msafiri alikuwa na mtu wake katika nchi ambako hakuzaliwa.

Wakubwa wa biashara nao waliishi mbali na kwao. Hamed bin Muhammed, anayejulikana kama Tippu Tip, alianza safari yake ndefu kuelekea Manyema karibu mwaka 1870, na hakurudi Unguja hadi 1882. Ni miaka kama 12. Baba yake vilevile alikuwa na maisha ya pande mbili: Unguja na Unyanyembe, ambako alioa binti wa mtemi wa Wanyamwezi. Kuwa na nyumba mbili ilikuwa sehemu ya biashara yenyewe.

Lakini hapa pana jambo lisilofaa kufichwa. Mali ya njia hiyo ilikuwa pembe za tembo na watu. Vijiji vya magharibi ya ziwa vilivamiwa, na watu wakavushwa kwenda Ujiji wamefungwa. Hao hawakusafiri, walinyakuliwa. Mpagazi alijua njia ya kurudi kwao na mwezi wa kurudi. Mtoto aliyekamatwa hakujua hata moja la hayo. Tofauti hiyo, kati ya mtu aliyeondoka na mtu aliyeondolewa, imebaki hai katika nchi hii hadi sasa.

Reli, meli na jina la Albertville

Mwaka 1891 afisa Mbelgiji Jules Jacques, aliyetumwa na chama cha kupinga biashara ya watumwa, alijenga ngome katika eneo hili akaiita Albertville, kwa jina la mwana wa kifalme Albert. Ila mji wa leo ulikua kwa sababu ya reli. Mwaka 1914 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na mwaka 1915 reli ya Wabelgiji kutoka Kabalo, yenye urefu wa kilomita 273, ilifika ziwani karibu na pahali ambapo mto Lukuga unatoka.

Wakati huo ilikuwa vita. Meli za Wajerumani zilitawala ziwa mpaka Waingereza walipoleta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, wakazitumia kutoka upande huu wa Lukuga mwisho wa 1915 na mwanzo wa 1916. Mwezi wa Septemba 1916 jeshi la Force Publique liliingia Tabora. Nyuma ya kila askari walikuwepo wapagazi, maelfu kwa maelfu, waliochukuliwa vijijini kubeba chakula na risasi. Kwa familia nyingi za mashariki ya Kongo, hiyo ndiyo ilikuwa «safari ya kazi» ya kwanza kwa ajili ya serikali: mwanaume anatajwa na chifu, anaondoka, na wengi hawakurudi.

Baada ya vita, mkataba wa 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliwapa Wabelgiji maeneo yao ya bandari huko Kigoma na Dar es Salaam. Shehena ya Kongo ikaweza kutoka Kabalo kwa treni, kuvuka ziwa kwa meli, na kuendelea kwa treni hadi bahari ya Hindi. Albertville ikawa mji wa mabaharia, mafundi wa reli, makarani na wachukuzi. Baadaye yakaja makaa ya mawe, saruji ya Kabimba na kiwanda cha nguo cha Filtisaf, ambacho jina lake bado liko mdomoni mwa wakaaji. Wafanyakazi walitoka bara na mwambao, pande zote. Walipokosa lugha moja ya kwao, walisema Kiswahili, lugha ya misafara ile ya zamani.

Mkataba, posho na ruhusa ya mke

Katika miaka hiyo vijana wengi wa kaskazini ya Katanga walikwenda kusini, kwenye shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta wafanyakazi vijijini. Mwanzoni mikataba ilikuwa ya miezi tu. Mwanaume alikwenda peke yake, akalala na wanaume wenzake, akala posho, na akifaulu kumaliza bila ugonjwa, alirudi. Wengi walikufa kwa maradhi, wengine walitoroka.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha njia. Ilianza kutoa mikataba ya miaka 3 na kuwaruhusu wafanyakazi kuishi na wake zao kambini. Posho ikahesabiwa kwa mke na watoto pia. Zikaja zahanati na shule. Hesabu ndiyo iliyosukuma jambo hilo kuliko huruma: kumtafuta mtu mpya kila mara kulikuwa ghali, na mwanaume mwenye familia karibu alikaa kazini, akajifunza kazi, na watoto wake wakakua wakiwa wafanyakazi wa kesho.

Kwa familia, hata hivyo, badiliko hilo lilikuwa kubwa. Mke hakungoja tena miaka kijijini bila habari. Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni. Aliyeacha kazi aliacha nyumba. Na Mwafrika aliyetaka kuhama wilaya yake alihitaji karatasi ya ruhusa kutoka kwa serikali. Mtu mwingine ndiye aliyeshika ufunguo wa mlango wa familia.

Watumishi wa nyumbani waliyajua haya kuliko wote, kwa kuwa waliishi nyuma ya nyumba za wazungu na kuhama kila bwana alipohama. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi. Ni moja ya maandiko machache ambamo waliosafiri kwa kazi wameieleza historia yao wenyewe.

Akina mama na maboti

Baada ya uhuru Albertville ikawa Kalemie. Kadiri miaka ilivyopita, reli ilichakaa, mishahara ikachelewa au kukosekana, na kazi za kiwanda zikapotea. Mwanaume aliyekuwa na mkataba na posho alibaki na kadi tu ya kazi. Hapo mzigo wa safari ukahamia kwa wengi ambao kampuni haikuwahesabu kamwe kuwa wafanyakazi: akina mama.

Wao ndio waliopeleka ndakala na mikebuka iliyokaushwa bara, wakarudi na unga, mafuta ya ngazi na karanga. Wao ndio waliopanda maboti ya mbao kuelekea Moba, Uvira na Kigoma, ambayo iko kama kilomita 125 kutoka hapa kwa njia iliyonyooka. Mtaji ulitoka kwenye likelemba: kila mmoja anatoa kidogo, na zamu kwa zamu mmoja anapokea chote. Watoto waliachiwa dada, nkambo au jirani. Kabla ya simu za mkononi, habari ilipita kwa foni, kwa barua mkononi mwa baharia, au kwa tangazo la redio.

Biashara hiyo ilikuwa na hatari yake, na bado inayo. Mwezi wa Desemba 2014 boti Mutambala ilizama ziwani ikiwa njiani kuelekea Uvira, na watu zaidi ya 100 walikufa. Katika ajali kama hiyo, familia za pande nyingi za ziwa hulia siku moja, kwa sababu boti moja hubeba wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa na wanaorudi nyumbani.

Vita vilipogeuza safari kuwa ukimbizi

Vita vya 1996 na vya 1998 viliwavusha watu ziwa kwa njia nyingine. Maelfu waliishi Nyarugusu na Lugufu, katika mkoa wa Kigoma. Huko, ujumbe wa Msalaba Mwekundu, karatasi fupi yenye habari za familia tu, ulikuwa njia ya kumwambia mama aliyebaki Kongo kwamba mtoto yu hai. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na wengi walikuwa wamerudi kwa meli. Nyarugusu ingali na Wakongomani hadi leo.

Kisha, kuanzia mwaka 2016, mapigano kati ya Wabatwa na Waluba yalienea katika jimbo jipya la Tanganyika, lililotengwa na Katanga mwaka 2015. Kufikia 2017 watu zaidi ya nusu milioni walikuwa wamehama ndani ya jimbo, na kambi kama Katanika na Kalunga zikajaa kando ya Kalemie. Mwaka 2025, baada ya Bukavu kuanguka mikononi mwa M23 mwezi wa Februari, maboti yalileta tena watu kutoka Kivu ya Kusini.

Ndani ya familia hizi, safari za aina mbili zimechanganyika. Familia iliondolewa kijijini kwa nguvu, kisha mmoja au wawili wakaondoka tena kwa hiari kutafuta pesa. Anayesema kwamba baba «amewatupa» watoto wake kambini huenda anasahau kwamba mafundi wa reli, mabaharia wa Albertville na akina mama wa ndakala nao waliacha watoto ili wawalishe.

Yaliyosaidia zamani

Katika vizazi vyote hivyo, familia zilizobaki pamoja licha ya umbali zilikuwa na mambo yanayofanana. Muda wa kurudi ulijulikana, kama mpagazi aliyeangalia majira ya kulima. Kulikuwa na mtu wa kutegemea upande wa pili, awe mtani, ndugu wa damu au mwenzake wa likelemba. Na kulikuwa na njia ya habari iliyokubaliwa kabla ya kuondoka.

Leo njia hiyo ni simu, na pesa hufika kwa M-Pesa au Airtel Money. Lakini simu hupotea, huibiwa, huzama. Mtoto anayejua kwa kichwa jina kamili la baba na mama, la kijiji, la chifu na la jamaa mmoja wa Kalemie ana njia ya kupatikana hata betri ikiisha. Mama anayevuka kwenda Kigoma na kumwachia jirani namba mbili zilizoandikwa kwenye karatasi, na siku anayotarajia kurudi, anafanya kile ambacho wasafiri wa ziwa hili walikifanya kabla yake.

Kwa wenyeji wa mitaa, historia ina swali la kujiuliza kabla ya kumwita jirani mgeni: babu yako alishuka wapi, kwenye treni ya Kabalo au kwenye mtumbwi wa Ujiji, na ni nani aliyempokea siku ile ya kwanza?