Kutu, Rangi na Chuma cha Kagera

Historia ya chuma Bukoba haikuanzia gereji. Katika miaka ya 1970, uchimbuzi wa mwanaakiolojia Peter Schmidt huko Katuruka, karibu na Bukoba, ulifichua mabaki ya uyeyushaji chuma yenye umri wa takriban miaka 2,000. Wahunzi wale walitumia makaa kuiondoa oksijeni kwenye mawe ya chuma. Mvua na unyevu wa Ziwa Viktoria huirejesha, nasi tunaita hali hiyo kutu. Kwa hiyo fundi rangi wa leo, anayeziba kovu dogo kwenye bodi ya gari, ni mrithi wa kazi ile: anakizuia chuma kisirudi kilikotoka.

Wapo wasemao kuziba kovu kama hilo ni pambo tu, au hila ya muuzaji. Hila ipo, lakini hoja hiyo inasahau barabara za changarawe za wilaya jirani ya Muleba: kokoto hurushwa na tairi, ikachubua rangi hadi bati, na kutu ikatambaa chini ya rangi iliyo nzima. Wengine hudai namba ya rangi kwenye kibati cha gari, mathalani 040, nyeupe ya Toyota, inatosha kupata rangi inayolingana. Haitoshi. Namba hueleza rangi ilivyotoka kiwandani, ilhali tangu biashara ilipolegezwa miaka ya 1980 magari yetu mengi yamekuwa mitumba, tena yaliyopauka kwa jua. Fundi hodari husugua kutu kwa msasa, hupaka praima, hujaribu mchanganyiko wake wa rangi kwenye kipande cha bati, kisha huulinganisha na gari juani ukishakauka. Rangi iliyopishana kidogo huudhi jicho. Kutu iliyoachwa hula bati.