Thule Group

Thule Group ni kampuni ya Uswidi inayotengeneza keria za magari na vifaa vya safari na michezo ya nje. Makao makuu yake yako Malmö.

Historia

Ilianzishwa mwaka 1942 na Erik Thulin huko Hillerstorp, kusini mwa Uswidi. Bidhaa yake ya kwanza haikuhusu magari: ilikuwa mtego wa kunasa samaki aina ya paiki. Katika miaka ya 1950, Waswidi wengi walipoanza kumiliki magari, kiwanda kiligeukia vipuri vya chuma kama nyavu za kukinga taa za mbele. Mwaka 1962 kilitoa keria yake ya kwanza.

Familia ya Thulin iliiuza kampuni mwaka 1979. Tangu 2014 hisa zake zinauzwa katika Soko la Hisa la Stockholm.

Bidhaa

Hutengeneza keria za mizigo na baiskeli, masanduku ya juu ya gari, mahema ya juu ya gari, mabegi na vigari vya watoto.

Usalama

Nchini Tanzania keria huonekana sana kwenye magari ya utalii na ya abiria vijijini. Mzigo ukiwa juu, kitovu cha uzito hupanda, hivyo gari hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona. Mzigo usiofungwa vizuri huweza kurushwa mbele dereva akifunga breki ghafla. Kwa sababu hiyo kuna kiwango cha kimataifa cha keria, ISO 11154, na kila gari lina kikomo cha uzito kilichowekwa na mtengenezaji.